Maswali ya Wasomaji: Je, Waya Hubadili Sauti ya Muziki Nyumbani?

Tangu safu hii ilipogusia namna ya kuchagua spika za sebuleni, barua nyingi zimekuja zikiuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, waya zinazounganisha vyombo vya muziki zina athari yoyote katika sauti, au ni njia tu ya kumwongezea mnunuzi gharama? Ninalichukulia swali hili kwa uzito, kwa sababu linagusa fedha za watu na furaha yao pia, na kwa sababu wanaosema waya ni kila kitu na wanaosema waya si kitu wote huzungumza kwa uhakika uleule. Pale ambapo jibu linahitaji hesabu nimeiweka wazi, ili msomaji aweze kuirudia mwenyewe.

SWALI: Ndugu Mwandishi, hivi karibuni nilinunua amplifaya pamoja na jozi ya spika kubwa za kusimama sakafuni. Muuzaji aliniambia kwamba waya niliyonayo, iliyoandikwa milimita za mraba 0.5, itaharibu sauti kabisa, na akanishauri ninunue waya maalumu ambayo bei yake inakaribia ile ya spika zenyewe. Kaka yangu, ambaye ni fundi umeme, anasema waya ni waya mradi umeme unapita. Spika yangu ya mbali iko mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Nimwamini nani?

JIBU: Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, na vipande vyote viwili vinapimika. Waya ya shaba yenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita ya mraba 1 ina ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme usipite, wa takriban omu 0.0172. Kwa kuwa umeme huenda kwenye spika na kurudi, umbali wako wa mita 10 unahesabiwa kuwa mita 20 za shaba, kwa hiyo waya yako ya milimita za mraba 0.5 ina ukinzani wa karibu omu 0.69. Kama ungetumia waya ya milimita za mraba 2.5 kwa umbali huohuo, ukinzani ungeshuka hadi omu 0.14.

Je, omu 0.69 ni nyingi? Hapo ndipo inapobidi kuitazama spika. Namba iliyochapwa nyuma ya spika, mara nyingi omu 8, ni ya kutajia tu, kwani ukinzani halisi hubadilika kadiri noti inavyopanda na kushuka. Spika moja inaweza kuwa na omu 6 katika baadhi ya masafa (wingi wa mitikisiko kwa sekunde, unaopimwa kwa hezi), kisha ikafika omu 30 mahali ambapo koni ya besi hutikisika kwa urahisi zaidi, na ikapanda tena karibu na pale ambapo kazi huachiwa spika ndogo ya trebo. Volti inayotoka kwenye amplifaya hugawanywa kati ya waya na spika kulingana na ukinzani wa kila mmoja. Kwa waya yako, pale spika ilipo na omu 6 unapoteza desibeli 0.94 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na pale ilipo na omu 30 unapoteza desibeli 0.2 tu. Maana yake ni kwamba waya haipunguzi sauti yote kwa usawa. Inapunguza baadhi ya noti zaidi ya nyingine kwa takriban robo tatu za desibeli, na tofauti ya kiasi hicho, inapoenea katika sehemu pana ya masafa, sikio lililotulia linaweza kuitambua. Kwa waya ya milimita za mraba 2.5 tofauti hiyo inabaki desibeli 0.16, kiasi ambacho katika muziki wa kawaida hakina wa kukisikia.

Muuzaji, kwa hiyo, alikuwa sahihi aliposema kwamba waya yako ni nyembamba kwa umbali huo. Alikosea alipoligeuza tatizo la unene kuwa tatizo la bei. Kaka yako naye yuko sahihi kwamba shaba ya kawaida inatosha, ila waya inayotosha kuwasha taa haijawahi kupimwa kwa kigezo cha uwiano kati ya besi na trebo. Kanuni inayofaa kuikumbuka ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa chini kabisa wa spika. Kwa spika ya omu 6 kikomo hicho ni omu 0.3, na hata waya ya shaba ya milimita za mraba 1.5 inatosha kwa mita zako 10, kwani ukinzani wake ni omu 0.23. Mimi ningechukua ya 2.5 ili kuwa na nafasi ya kutosha, na baada ya hapo nisingetafuta nyingine.

Lipo jambo ambalo naliona ni hatari kuliko ushauri wa muuzaji wako, nalo ni waya za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa juu. Kwa macho zinafanana na shaba, zinauzwa kwa unene uleule unaoandikwa kwenye ganda, lakini hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi, kiasi kwamba waya iliyoandikwa 2.5 hufanya kazi kama ya shaba ya 1.6. Isitoshe, nyuzi zake hukatika upesi zinapokunjwa mara kwa mara. Kwangule uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu. Usiichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume chake, nyeupe kwa nje na nyekundu ndani, nayo haina kasoro yoyote.

Kuhusu shaba safi isiyo na oksijeni, upitishaji wake unaizidi shaba ya kawaida ya waya za umeme kwa asilimia 1 hivi. Fedha inaizidi shaba kwa asilimia 6 hivi, pengo ambalo waya ya shaba iliyo nene kidogo zaidi hulifuta mara moja. Utasikia pia ikisemwa kwamba umeme wa masafa ya juu hukimbilia kwenye uso wa waya. Ni kweli, na katika hezi 20,000 sehemu kubwa ya mkondo hupita ndani ya nusu milimita ya kwanza kutoka juu, lakini kwa waya ya 2.5 yenye urefu wako athari yake katika sauti ni chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli, tena katika masafa ambayo watu wazima wengi hawayasikii. Zingatia zaidi kwamba zile njia mbili za waya zikae pamoja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukizitenganisha, moja ipite ukuta huu na nyingine ule, unazidisha athari ya sumaku inayozuia trebo. Hakikisha pia kwamba nyekundu inaingia kwenye nyekundu katika spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, koni zake husukuma wakati za mwenzake zinavuta, na besi hupotea kwa kiasi kinachozidi kwa mbali kosa lolote la unene wa waya.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nimesoma hoja za wahandisi na ninaziheshimu. Hata hivyo, nilipobadilisha waya za spika nilisikia sauti imefunguka, waimbaji wamesogea mbele na kimya kati ya noti kimekuwa kirefu zaidi. Je, mnataka kuniambia kwamba masikio yangu yananidanganya?

JIBU: La, ndugu yangu, sisemi hivyo. Ulichokisikia ulikisikia kweli, na swali lililobaki ni kimetokana na nini. Kabla ya kuisifu waya yenyewe, yapo mambo mengine yaliyobadilika pamoja nayo. Ulipochomoa waya za zamani na kuchomeka mpya ulikwangua kutu iliyokuwa imekaa kwenye viunganishi, jambo ambalo peke yake huweza kuondoa ukinzani usiotarajiwa. Huenda uliisogeza spika kidogo, na hukurudi kukaa pale pale ulipokuwa. Urefu wa wimbi la sauti ya hezi 10,000 ni sentimita 3.4 tu, kwa hiyo kichwa kikihama kiasi cha upana wa kiganja, mawimbi yanayofika moja kwa moja na yale yanayorudi kutoka ukutani hukutana kwa namna nyingine. Huenda pia uliongeza sauti kidogo bila kujua, na ongezeko dogo mno la sauti, ambalo msikilizaji halitambui kuwa ni ongezeko, humfanya aseme kwamba sauti ni bora.

Kisha kuna ubongo, ambao haupokei sauti peke yake. Mwaka 1976 watafiti Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikilizishwa silabi moja huku akitazama midomo inayotamka silabi nyingine, mara nyingi husikia silabi ya tatu ambayo haikutamkwa. Anayejua siri hiyo bado huisikia silabi hiyo ya tatu, kwa kuwa elimu haiondoi athari. Hivyo hakuna aibu yoyote katika kusikia tofauti baada ya kuona waya nzuri, nene na yenye kusifiwa. Ndivyo tulivyoumbwa, na mhandisi wa sauti naye hayuko nje ya hali hiyo.

Njia ya kutenganisha waya na mambo hayo mengine ipo tangu 1950, pale W. A. Munson na Mark Gardner walipoeleza jaribio ambalo msikilizaji hupewa sauti ya kwanza, sauti ya pili, kisha ya tatu ambayo ni mojawapo ya zile mbili, naye aseme ni ipi. Nyumbani unaweza kulifanya kwa umbo rahisi zaidi. Mwombe mtu mmoja abadilishe waya nyuma ya pazia kwa kurusha sarafu, aandike alichofanya, wala asizungumze nawe wala kuonana nawe kabla ya kila jibu. Baadhi ya mara atachomoa na kurudisha waya ileile, ili muda na kelele za kubadilisha visikupe dokezo. Kabla ya kuanza, pimeni kwa mita volti zinazofika kwenye spika huku ikipigwa toni moja isiyobadilika, na hakikisheni kwamba waya zote mbili zinafikisha volti sawa, kwani tofauti ya sehemu moja ya kumi ya desibeli ndiyo mpaka wanaouheshimu wapimaji makini. Fanyeni mara 16. Anayebahatisha tu atapata 12 au zaidi kwa uwezekano wa chini ya asilimia 4, kwa hiyo ukifikisha 12 una haki ya kusema kwamba kuna kitu, na itafaa kutafuta ni kitu gani: waya mojawapo ni nyembamba mno, au ina kiunganishi kibovu, au imetengenezwa kwa umbo lisiloafikiana na amplifaya yako. Waya mbili za shaba zenye ukinzani unaokaribiana, zilizofungwa vizuri, zinapowekwa katika jaribio la namna hii, tofauti iliyokuwa dhahiri kwa macho wazi haionekani tena.

Ninaelewa kwamba jaribio hili linaweza kuonekana kama kumnyang'anya mtu starehe yake. Naliona kinyume. Mtu anayejua kwamba waya zake zinatosha anaweza kuhamishia hamu yake mahali penye faida ya kweli, yaani pale spika zinapokaa. Spika ikisogezwa mbali na kona, au kiti kikitolewa ukutani kwa nusu mita, besi inaweza kubadilika kwa desibeli kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10 kwenye noti fulani, na kwa hilo humhitaji mtu wa kurusha sarafu.

SWALI: Mimi ni mpenzi wa santuri. Nilibadilisha waya iliyokuja na gramafoni, ya mita 1, nikaweka ndefu zaidi ya mita 3 ili amplifaya iwe upande wa pili wa chumba. Sasa herufi "s" za waimbaji zinachoma masikio, lakini matoazi yamefifia. Rafiki zangu wanasema haiwezekani, eti waya haibadilishi sauti. Nina hakika na ninachosikia.

JIBU: Una haki ya kuwa na hakika, na rafiki zako wamelichukua jibu la waya za spika wakalipeleka mahali pasipolihusu. Gramafoni ndiyo sehemu ya nyumbani ambayo waya fupi ya kawaida inaweza kubadilisha sauti waziwazi, na inafaa kuelewa kwa nini.

Vichwa vingi vya sindano vina sumaku inayotikisika mbele ya koili ya nyuzi nyingi nyembamba, na koili hiyo ina indaktansi kubwa, yaani tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo, mara nyingi karibu na henri 0.5. Waya nayo, kwa kuwa ni njia ya katikati iliyozungukwa na ganda la nyuzi za kinga, hujikusanyia chaji kidogo, na uwezo huo, unaopimwa kwa pikofaradi, kwa kawaida ni takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Koili na hiyo chaji ya waya hushirikiana kuunda mlio wa asili katika masafa fulani: kabla ya hapo trebo huinuka, na baada ya hapo hushuka kwa kasi. Jumla ikiwa pikofaradi 200, pamoja na zile za ndani ya mkono wa gramafoni na za mlango wa amplifaya, mlio huo huwa karibu na hezi 16,000, juu kiasi cha kutosumbua. Mita 2 ulizoongeza zimepeleka jumla karibu na pikofaradi 400, na mlio umeshuka hadi hezi 11,000 hivi. Ndiyo maana sehemu ya trebo ambamo "s" hukaa imeinuliwa, na ile ya juu zaidi, yenye mng'ao wa matoazi, imekatwa. Maelezo uliyoandika yanaafikiana na hesabu kwa kiwango ambacho kimenifurahisha kwelikweli.

Dawa ni kurudi kwenye waya ya mita 1, au kununua ndefu ambayo mtengenezaji ametaja kuwa ina pikofaradi chache kwa mita. Njia bora kuliko zote ni kuiweka amplifaya ndogo ya santuri karibu kabisa na gramafoni, kisha kutoka hapo kwenda amplifaya kubwa utumie waya ndefu upendavyo. Soma karatasi ya kichwa chako cha sindano pia, kwa kuwa watengenezaji wengi huandika pikofaradi wanazozitarajia, na nyingi huangukia kati ya 100 na 300. Wenye vichwa vya sindano ambavyo koili ndiyo inayotikisika hawana haja ya kuogopa jambo hili, kwani indaktansi yao ni ndogo sana. Shida yao ni kwamba volti zao ni ndogo mno, hivyo kinga ya waya dhidi ya mvumo wa umeme inakuwa muhimu zaidi.

Vyombo vya kisasa vinavyotoa sauti iliyokwisha kukuzwa, kama kicheza diski, haviguswi na tatizo lako. Kifaa chenye ukinzani wa kutolea wa omu 1,000 kikiunganishwa kwa waya ya mita 2 huanza kupoteza masafa kuanzia karibu na hezi 800,000, mbali kupita chochote ambacho sikio linakijua.

SWALI: Mfumo wangu unavuma muda wote, hata muziki ukizimwa. Je, nikinunua waya bora mvumo utaondoka?

JIBU: Huenda usiondoke. Mvumo mzito wa hezi 50 au 60, kulingana na umeme wa mahali ulipo, mara nyingi hutokea pale vyombo viwili vyenye plagi za pini ya ardhi vinapounganishwa pia na waya ya sauti, hivyo ardhi inapata njia mbili na mkondo mdogo unazunguka katikati. Chomoa waya za sauti moja baada ya nyingine hadi mvumo ukome, nawe utamjua mhusika. Kisha viunganishe vyombo vyote kwenye soketi moja ya ukutani, na isipotosha, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Kama vyombo vyako vina viunganishi vya pini tatu vya kitaalamu, vitumie, kwa sababu huchukua sauti katika njia mbili zinazopingana na kufuta kelele iliyoingia kwa zote mbili. Nakusihi usikate pini ya ardhi ya plagi yoyote, hata kama mtu atakuonyesha kwamba mvumo umekoma. Pini hiyo ndiyo inayokulinda siku umeme utakapogusa bati la chombo.

SWALI: Je, waya za dijitali nazo zinahitaji kuwa za kiwango cha juu?

JIBU: Zinahitaji kuwa nzima na za aina inayotakiwa. Waya ya dijitali hubeba namba, na zikifika zilivyo, waya haina nafasi ya kuongeza joto au utamu wowote katika sauti. Ikishindwa, dalili zake ni mikwaruzo, kukatika na ukimya. Muziki unaokuja kwa mtandao hukaguliwa njiani, na vipande vilivyopotea huombwa upya kabla havijapigwa. Waya ya nyuzi za mwanga ina faida moja ya kweli inayohusiana na swali lililotangulia: haipitishi umeme, hivyo haiwezi kuunganisha ardhi za vyombo viwili.

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Mimi ni mwanafunzi, nimeanza kuunda mfumo wangu wa muziki. Waya niliyopewa ina mishale ya kuonyesha sauti ielekee wapi, na nimeambiwa waya za kushoto na kulia lazima ziwe na urefu sawasawa ili sauti zifike pamoja. Spika moja iko mita 2 na nyingine mita 10. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Anza na mishale. Mkondo wa sauti hubadilisha mwelekeo muda wote, na noti ya hezi 1,000 huugeuza mara 2,000 kwa sekunde, kwa hiyo waya ya spika haina upande wa kuanzia. Mishale ina maana kwenye baadhi ya waya za kuunganisha vyombo, ambazo kinga yake imefungwa upande mmoja tu. Hapo fuata maelekezo, kwa ajili ya kelele tu.

Kuhusu urefu, umeme katika waya husafiri kwa kasi ya karibu theluthi mbili ya ile ya mwanga, kwa hiyo mita 8 za ziada huichelewesha sauti kwa sehemu 4 hivi kati ya milioni 100 za sekunde. Katika muda huo sauti iliyoko hewani husafiri takriban milimita 0.014. Ukiinamisha kichwa kidogo umeibadilisha tofauti hiyo mara maelfu. Kinachobaki ni ukinzani: kwa waya ya shaba ya milimita za mraba 2.5, mita 2 zina omu 0.03 na mita 10 zina omu 0.14, na upande wa mbali utakuwa chini kwa desibeli 0.16 hata pale spika ilipo na omu 6. Kata kila waya kulingana na umbali wake, uache nusu mita ya ziada ili uweze kuzisogeza spika unapotafuta mahali pake. Ziada hiyo unaweza kuikunja nyuma ya spika bila hofu, kwa sababu njia mbili zilizoshikana hubeba mikondo inayopingana, na sumaku ya mmoja hufuta ya mwingine.